Siku Niliyomwandika Thuraya Kuwa Yupo

Jumatano nilikabidhi ufunguo wa chumba cha kompyuta. Jumamosi, mwanzo wa wiki ya kazi kwetu, kwa mazoea nikaamka alfajiri, nikavaa abaya na viatu, kisha nikakaa kitako kitandani nikikumbuka kwamba sina pa kwenda. Mume wangu akafungua jicho moja.

"Umm Nasra, safari ya wapi?"

"Nnastaafu," nikamwambia.

"Kustaafu hakuvaliwi viatu," akasema, akarudi kulala.

Basi nimevua viatu nimekaa kuandika. Nyinyi wasichana mliobaki pale chuoni mmeniomba mara elfu (haya, mara mbili) nikuandikieni tulivyoanza na kompyuta, na vipi mwalimu mtarajiwa afundishwe kukaa na mashine bila ya mashine kumkalia yeye. Vyeo sitoviandika, na mshahara hauna hadithi. Nitaandika niliyoyafanya kwa mikono yangu, mazuri na lile moja baya. Mkiona nimeongeza, mnanijua. Lakini lile baya nimelipima neno kwa neno, na halina nyongeza.

Mimi niliingia chuoni kwa mlango wa jikoni. Chuo chetu kilikuwa kinatayarisha wasichana kuwa walimu, nami nilikuwa nikiwapikia chai waliokuwa wakiwafundisha. Nilitoka Unguja nikiwa binti mkubwa, Kiarabu changu cha kusalia tu, na Muscat ya siku zile mtu asiyekuwa na cheti cha Kiarabu alikuwa kama mgeni nyumbani kwa babake. Nikajiunga na masomo ya watu wazima, yale yanayoanza baada ya magharibi. Nilisoma miaka mia. Haya, minane. Mwaka wa mwisho mimi na binti yangu Nasra tulifanya mtihani mmoja, mimi na watu wazima wenzangu, yeye skuli kwao. Alinishinda hisabati, nami nikamshinda kwa kelele nilizopiga matokeo yalipotoka. Jirani zetu wa Wadi Kabir walikuja mbio wakidhani tumefiwa.

Kompyuta za mwanzo zilikuja katikati ya miaka ya tisini, kumi na mbili, ndani ya makartoni makubwa kama makabati. Hakuna mwalimu aliyetaka ufunguo wa chumba kile. Kila mmoja aliogopa kuharibu mali ya serikali. Mudira, ndivyo tulivyomwita mkuu wetu wa chuo, alipita jikoni akanikuta na sinia la vikombe.

"Umm Nasra," akasema, "wewe umesomea cheti chako usiku na watoto wanne mgongoni. Huogopi kitu. Chukua ufunguo."

Nikauchukua. Watoto wenyewe walikuwa watatu, lakini sikumsahihisha.

Siku ya kwanza kila mashine niliifunika kitambaa nilichokishona mwenyewe, chenye lesi pembeni. Mlangoni nikaweka rafu ya viatu. Na kila Jumamosi asubuhi, kwa sababu kwetu mgeni wa heshima hupokewa kwa udi, nilipitisha chetezo mashine moja baada ya nyengine, nikazifukiza mbele, nikazifukiza nyuma, mpaka moshi ukaingia kwenye vile vitundu vya ubavuni. Chumba kilinukia kama harusi. Wasichana walikuwa wakijipitisha ukumbini kwa makusudi.

Miezi mitatu haijatimia, mashine nne zikazimika.

Aliyeitwa kuzitazama alikuwa fundi wa Kihindi kutoka karakana moja ya Wadi Kabir, jina lake Mathew, mtu mwembamba mwenye bisibisi mfukoni mwa shati badala ya kalamu. Alifungua ubavu wa mashine ya kwanza, akaingiza kidole, kikatoka cheusi.

"Mama," akaniuliza kwa kile Kiarabu cha mafundi, "hii kompyuta inavuta sigara?"

"Udi," nikamwambia. "Na ubani wa Dhofar, ule mzuri."

Akainusa ile mashine, akafumba macho. "Kwa mimi nzuri. Kwa mashine hapana."

Huyo ndiye mwalimu wangu wa kwanza wa kazi hii. Alinifundisha kufungua, kupangusa kwa brashi ya rangi, kusikiliza feni kama daktari anavyosikiliza kifua. Alinitoa khofu. Lakini alikuwa na tabia moja iliyokuwa ikinichekesha: kila nilipokaa kuandika neno langu la siri la kufungulia mashine, aligeuka akatazama mlango. Nilidhani ni haya za mwanamume mstaarabu mbele ya mke wa watu. Siku moja nikamwambia, "Tazama tu, Mathew, sivui nguo."

"Mama," akasema, bado kanipa mgongo, "ni vile vile."

Nikacheka mpaka nikashika meza. Ilichukua miaka minane kuacha kucheka.

Nilipozoea, mudira akaniachia wasichana wenyewe, saa mbili asubuhi mpaka saa sita mchana, thelathini kwa zamu, wawili watatu kwa mashine moja. Kazi ilikuwa kuwafundisha mashine watu ambao kesho watawafundisha watoto. Hapo nikagundua mambo ambayo hayamo katika kitabu chochote. Mikono ya abaya, kwa mfano. Ilikuwa ikiburura juu ya kibodi ikiandika barua zake yenyewe, na msichana mmoja alifuta mtihani mzima kwa mkono wa kushoto bila ya kujua. Nikanunua pini, nikaziweka mlangoni: unavua viatu, unapandisha mikono, unaingia. Diski nazo walizoea kuzitia mkobani pamoja na vichupa vya manukato. Nnakumbuka somo zima la jiografia lililozama ndani ya mafuta ya waridi.

Waliokuwa wafupi niliwawekea madaftari ya namba za simu ya zamani chini ya miguu, maana miguu ikining'inia mgongo hupinda. Kila dakika ishirini nilipiga makofi: simama, nenda dirishani, tazama mlima mpaka uhesabu arubaini. Mlima wetu hauna jani hata moja, kwa hivyo jicho halipati shughuli, linapumzika. Wakinung'unika, nilikuwa nikiwaambia, "Kesho utakuwa na watoto arubaini wanakutazama. Ukijikunja kama ndizi, utawapeleka kwao ndizi arubaini. Ukishindwa wewe kuinuka kwenye mashine wakati wa sala na wakati wa kula, utamwambia nani ainuke?"

Hayo niliyafundisha vizuri, na sioni haya kuyasema. Yaliyofuata sikuyafundisha vizuri.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili ukaja mtandao. Kila msichana akapewa anwani yake ya barua pepe na neno lake la siri, na kila msichana akalisahau. Abla ndivyo walivyomwita mwalimu, na asubuhi nzima ilikuwa "Abla, neno langu nini?" "Abla, limekataa." Siku moja nikachoka. Nikachukua kijidaftari, nikaandika majina yote na maneno yote, nikakitoboa, nikakitundika kwa uzi karibu na mlango, kama upawa unavyotundikwa jikoni. Tangu hapo aliyesahau nilimjibu bila ya kuinua kichwa, "Lipo ukutani, mwanangu."

Mmoja aliniuliza kama si hatari. Nikamwambia sisi ni watu wa nyumba moja, na nyumbani kwetu kisichoazimwa ni mswaki peke yake. Wakacheka wote. Mimi ndiye niliyecheka zaidi.

La pili ni kitabu cha mahudhurio. Kila siku nilitakiwa niandike nani alikuja, kiti gani, saa ngapi hadi saa ngapi, kisha nitie sahihi. Chumba kilichoonekana kujaa kila siku ndicho kilichotarajiwa kuongezewa mashine. Basi nikawa siandiki aliyekuja. Nikishapiga mstari wa tarehe, ninashuka na majina yote thelathini: yupo, yupo, yupo. Mara nyengine nilijaza wiki nzima Jumatano mchana huku nakunywa chai. Sikuona kuwa ni uongo. Mimi ni mtu wa kutia chumvi, na hii niliona ni chumvi. Mudira mwenyewe alikuwa na usemi wake mbele ya walimu, kwa mapenzi tu: "Khabari ya Umm Nasra ipokee, kisha igawe kwa tatu."

Kiti cha saba, karibu na dirisha, kilikuwa cha Thuraya. Alikuwa binti wa Qurayyat, baba yake dereva wa gari la kuuzia maji, mzaliwa wa Pemba, kwa hivyo yeye na mimi tulikuwa tukisemezana Kiswahili. Kwao alikuwa wa kwanza, mwanamke au mwanamume, kufika masomo ya juu. Alikaa bwenini pale pale chuoni, na mwaka ule ulikuwa wake wa mwisho. Katika mafunzo ya vitendo alipelekwa skuli moja ya Sidab isiyokuwa na kompyuta hata ya kuonyesha. Hakulalamika. Alichora kibodi kwenye kadibodi, akaikata, akawapa watoto wajifunze mahali pa vidole kabla ya kuiona yenyewe. Siku niliyomuona akifundisha vile, nilitoka nje nikajifanya natafuta miwani.

Tatizo lake alikuwa hainuki. Nikipiga makofi, wenzake wanakwenda dirishani, yeye anasema, "Bado mstari mmoja, abla." Jumanne moja akaja kabla ya wenzake, macho mekundu, yanatoa machozi, kichwa kinamgonga.

"Leo hukai," nikamwambia. "Nenda bwenini, zima taa, ulale."

"Nna somo la kumaliza, abla."

"Somo litakungoja. Macho hayakungoji. Nenda."

Akaenda. Bweni saa zile lilikuwa tupu, wenzake wote wamo madarasani. Hakuna aliyemuona akipanda ngazi. Na mchana, nikinywa chai yangu, niliandika: Thuraya, kiti cha saba, saa mbili hadi saa sita, yupo. Nikatia sahihi.

Jumamosi iliyofuata mudira akaniita na kitabu changu. Nikaingia ofisini nikamkuta Thuraya amesimama karibu na ukuta. Juu ya meza palikuwa na karatasi moja iliyochapwa.

Khabari yenyewe ilikuwa hii. Ile Jumanne, saa nne asubuhi, kwenye anwani ya Thuraya ilitoka barua kwenda kwa msimamizi wa mafunzo ya vitendo, mwanamume mwenye mke na watoto, aliyekuwa akiwapitia wasichana maskulini. Ilikuwa na maneno ambayo mke humwandikia mumewe aliye safarini. Yule bwana alikuwa mtu wa heshima. Aliichapa, akamkabidhi mudira, akaondoka bila ya kukaa. Thuraya alisema hakuandika yeye, na kwamba Jumanne asubuhi hakuwamo chumbani hata kidogo.

Mudira akafungua kitabu, akaweka kidole. "Umm Nasra, hii sahihi yako?"

"Yangu."

"Na huyu alikuwepo?"

Mbele yangu nikaiona barua ya kufukuzwa. Kitabu cha serikali, sahihi ya uongo, mara mia. Nikasema, "Kitabu ndicho hicho, mudira."

Thuraya akageuka, akanisemesha kwa Kiswahili, pole pole, "Abla, si ulinituma nikalale?"

Mudira hakujua Kiswahili. "Anasema nini?"

Nikajibu, "Anaomba maji."

Nimeandika sentensi hiyo mara tatu na mara tatu nimeifuta. Naiacha. Thuraya Kiarabu alikijua kuliko mimi, alisikia nilivyomfasiri. Angeweza kulisema lile lile kwa Kiarabu, pale pale, na hakusema. Siku zile nilidhani ni khofu. Baadaye nikafahamu kwamba alikuwa akinipa nafasi niliseme mwenyewe. Akaletewa maji. Akayanywa.

Mudira akasema wenzake Thuraya hatowauliza, khabari isije ikaenea; baba yake atakuja Jumatatu, na ikiwa hakuna jipya, atamchukua.

Jumapili, baada ya kazi, nilikwenda karakana kwa Mathew. Nilimwambia nusu, ile nusu isiyonihusu: barua imetoka kwa jina la msichana ambaye hakuiandika.

"Nani anajua neno lake?" akauliza.

"Lipo ukutani," nikasema. "Yote yapo ukutani."

Akaweka bisibisi chini. Tangu nimjue sikuwahi kumuona akiweka bisibisi chini. "Mama. Mimi nageuza uso miaka minane. Wewe unatundika ukutani?"

Akachukua mashine nyengine akaanza kuifungua, nami nikakaa kwenye kigoda chake nikimtazama, mpaka nikamwambia na ile nusu ya pili. Hiyo aliisikiliza bila ya kunitazama usoni, kama anavyofanya siku zote mtu akiandika kitu chake.

"Hiyo si kazi ya fundi," akasema mwishowe. "Hiyo nenda mwenyewe."

Jumatatu asubuhi niliingia chumbani kabla ya wasichana, nikakata uzi, nikachukua kijidaftari, nikachukua na kitabu cha mahudhurio. Ofisini kwa mudira nikamkuta baba yake Thuraya, Bwana Khalfan, amekaa kwenye ncha ya kiti, kanzu imepigwa pasi ya jana, funguo za gari mkononi. Begi la Thuraya lilikuwa mlangoni, limeshafungwa. Mwenyewe alikuwa pembeni, ushungi umemfika machoni.

Nikasema kwa Kiarabu, kisha nikarudia kwa Kiswahili ili pasiwe na mfasiri: "Jumanne ile Thuraya hakuwamo. Nilimtuma mimi kulala, macho yakimuuma. Jina lake nimeliandika bila ya yeye kuwepo. Kitabu kinasema uongo."

Mudira akanitazama kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko makemeo.

"Umm Nasra," akasema, "nnajua unampenda mtoto huyu. Lakini na hili nalo niligawe kwa tatu?"

Bwana Khalfan akanyanyua mkono. "Bibi, tafadhali. Usinionee huruma. Nikirudi Qurayyat na huruma yako, watu wataicheka. Kama kaandika, nambie kaandika."

Hapo ndipo nilipojua bei ya chumvi yangu. Miaka yote ile nimewachekesha, na siku ya kweli sina mtu wa kuniamini. Unathibitishaje kuwa wewe ni muongo, mbele ya watu wanaodhani unadanganya kwa wema?

Nikafungua kitabu. "Mudira, Rahma alijifungua lini?"

Rahma alikuwa mwanafunzi wetu aliyeolewa. Mudira mwenyewe alikwenda hospitali kumtazama na kikapu cha matunda.

"Mwezi uliopita," akasema. "Wiki ya kwanza."

"Msome Rahma, wiki ya kwanza."

Akasoma. Kiti cha tatu, yupo. Jumapili yupo. Jumatatu, siku aliyokuwa chumba cha uzazi, yupo, saa mbili hadi saa sita.

"Sasa fungua ile Jumatano umeme ulipokatika, tukawarudisha wasichana wote kabla ya saa tatu."

Akafungua. Majina thelathini, wote wamekaa mpaka saa sita, mbele ya mashine zisizokuwa na umeme, na chini yake sahihi yangu yenye mkia mrefu. Akafungua ukurasa mwengine, na mwengine.

Nikaweka kile kijidaftari juu ya meza, na uzi wake. "Na haya ndiyo maneno ya siri ya wasichana wote. Yalikuwa yametundikwa mlangoni. Niliyatundika mimi. Aliyeweza kunyoosha mkono aliweza kuiandika barua ile."

Bwana Khalfan hakukitazama kijidaftari. Alinitazama mimi.

"Kwa hivyo Jumamosi ulijua."

"Nilijua."

"Na binti yangu kasimama mbele yako."

"Alikuwa mbele yangu."

"Alikwambia?"

"Aliniambia. Nikamwambia mudira kuwa anaomba maji."

Mudira aliinua uso. Thuraya hakuinua.

Bwana Khalfan alizungusha funguo kidoleni, kisha akasema bila ya kupandisha sauti, "Bibi, mimi nnapeleka maji majumbani. Nikiandika nimepeleka nyumba kumi na nimepeleka saba, kitabu kitapendeza. Lakini kuna nyumba tatu watoto wamekaa na ndoo kavu."

"Ndiyo, baba," nikasema. Alikuwa mdogo kwangu, lakini neno jengine sikulipata.

"Mimi nimekuamini," akasema. "Ila ndugu zangu hawamo humu ndani, na khabari imeshafika Qurayyat kabla yangu. Niandikie. Kwa Kiarabu, wasome wote. Na utie jina lako lote."

Mudira akanipa karatasi. Nimefanya mitihani mingi ukubwani, hakuna uliokuwa mzito kama ule. Niliandika kwamba mimi, jina langu, la baba yangu na la babu yangu, nilijaza kitabu kwa uongo. Kwamba nilitundika siri za watu. Kwamba Thuraya binti Khalfan siku ile alikuwa amelala kwa amri yangu. Kwamba nilipoulizwa nilinyamaza, na alipolisema nilimficha. Mistari tisa. Mudira akapiga muhuri wa chuo. Bwana Khalfan akaisoma kwa kidole, mstari baada ya mstari, akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa kifuani.

Kisha akasimama, akaliinua begi la Thuraya. Nikadhani anamchukua. Akatoka nalo. Tukamfuata mpaka uani. Alilipeleka kwenye ngazi za bweni, akaliweka chini pale ambapo wanaume hawapiti, akampa binti yake mkono aubusu, akaenda zake kwenye gari la maji.

Mimi nilitolewa chumbani mwaka mzima, nikawekwa ghala ya vitabu. Kompyuta mpya hatukupewa, na ilikuwa haki. Aliyeandika barua alikuja kwangu mwenyewe baada ya wiki kadhaa, kule ghalani, akilia. Alitaka kufanya mzaha na mwenzake, ukamtoka mikononi. Nilimwambia hapa si pake, aende kwa Thuraya kwanza kisha kwa mudira. Akaenda. Alipewa adhabu yake, na leo naye anafundisha. Jina lake ninalo mimi, na hilo halitundikwi.

Niliporudi chumbani nilibadilisha mambo mawili tu. Mwenye kuandika neno lake la siri, wote waliomzunguka wanageuza uso, na mimi nikiwa wa kwanza. Nikawaambia wasichana wakawafundishe hivyo watoto wao wa skuli, kabla ya kuwafundisha kuwasha mashine. Na asiyekuja, mahali pake paliachwa peupe. Kitabu changu kikawa na mapengo kama mdomo wa mtoto wa miaka sita. Kile mlichokirithi Jumatano ndicho hicho. Msikijaze.

Thuraya miezi ile iliyobaki hakunisemesha. Alinisalimia, kwa sababu kwao wamemlea, lakini hakunisemesha, na sikumlaumu. Siku ya mwisho ya masomo, wenzake wakiwa wanapigana picha uani, akaja ghalani. Akasimama kati ya marundo ya vitabu.

"Nimepangiwa Sidab, abla. Skuli ile ile."

"Wameshapata kompyuta?"

"Mbili."

"Na kadibodi usiitupe."

"Siitupi." Kisha akasema, "Baba bado anayo ile karatasi. Ameiweka pamoja na pasi yake na cheti changu cha kuzaliwa."

"Mwambie aichane, mwanangu. Imeshafanya kazi yake."

"Nimemwambia. Hataki. Anasema akija mtu kuniposa, atasomewa hiyo kwanza, kabla ya kahawa."

"Na jina langu lote?"

"Lote, abla. Mpaka la babu yako."

Akanibusu kichwani, upesi, kama mtu anayelipita jambo, akatoka.

Baada ya miaka miwili nikapata mwaliko wa harusi Qurayyat. Nilivaa, nikavua, nikavaa tena. Mume wangu akanipeleka, njia nzima hakunitania hata mara moja. Upande wa wanawake ulikuwa umejaa, mikeka mpaka mlangoni, nami nikasimama na zawadi yangu nisijue pa kuweka mguu. Mama wa bwana harusi, mwanamke mkubwa mwenye hina mpaka viwikoni, akauliza mimi nani. Nikamtajia jina langu, langu na la baba yangu, na kabla sijamaliza yeye akamalizia la babu.

Akanitazama juu mpaka chini. Wanawake waliokuwa karibu wakageuka.

"Ndiye wewe wa karatasi," akasema.

"Ndiye mimi."

Akamgusa jirani yake bega, akasogea naye, pakapatikana nafasi ya mtu mmoja kwenye mkeka.

"Haya, kaa," akasema.

Nikakaa.